Santuri au simu? AT-LP60X dhidi ya kustrimu, na kwa nini mnabishania kitu sicho

Naanza na hukumu kabisa ili wenye haraka waende zao. Kama unasikiliza muziki wa siku hizi, baki na simu yako, tafuta spika nzuri au hedifoni nzuri, hela ya santuri peleka kwenye fizi za shule za watoto. Lakini kama wewe ni mtu wa Les Wanyika, Mangelepa, Franco, zile bendi za Nairobi na Kinshasa za miaka ya sabini na themanini, mashine ya santuri ni mali, nunua. Na sababu sio ile tunayoimbiwa kila siku eti santuri ina joto na dijitali ni baridi, hiyo mimi siiamini tena, sababu ni nyingine na nitaifikia.

Mashine yenyewe ni Audio-Technica AT-LP60X, ile ndogo ya otomatiki, unabonyeza kitufe mkono unanyanyuka wenyewe unaenda kutua kwenye sahani, wimbo ukiisha unarudi kulala. Marekani inauzwa kama dola 200, ila ikifika Kampala na usafiri na ushuru na faida ya aliyekuletea, jiandae kupita shilingi laki nane. Upande wa pili tukaweka simu ya kawaida ya Android yenye Spotify ya kulipia, ile programu ya kustrimu, yaani kupiga nyimbo toka mtandaoni, ambayo Uganda imefika 2021, pamoja na flashi iliyojazwa nyimbo pale laibrari, si mnazijua zile laibrari za kukuuzia muvi na nyimbo kwa giga. Vyote vikachomekwa kwenye amplifaya moja ya zamani na spika zile zile mbili za mbao, kwa sababu mtu anayelinganisha santuri kwenye spika kubwa na simu kwenye kaspika ka bluetuthi, huyo amelinganisha spika.

Tulifanyia kwa mzee mmoja Nsambya, Mkongo wa Bukavu, wote mtaani tunamwita Papa. Ana masanduku ya santuri, nyingi ni 45, zile ndogo za wimbo mmoja mmoja, alizinunua ujanani akienda Nairobi. Wakati huo Nairobi ndiyo ilikuwa mahali pa kuchapishia, bendi za Tanzania zilikuwa zinakwenda huko, Wakongo wakahamia kabisa, hata Waganda walikuwepo, Charles Sonko alikuwa mtu wetu na alikuwa ndani ya Equator Sound Band miaka ya 1960. Kwa hiyo ukikuta sahani nzuri ya Afrika Mashariki leo, uwezekano mkubwa imetokea Nairobi.

Sasa kabla ya kusikiliza chochote, kuna jambo watu wanaliruka na linaharibu ubishi wote. Lazima sauti zilingane ukubwa. Sikio la binadamu linadanganyika kirahisi mno, ukimpigia mtu wimbo ule ule mara mbili na ya pili ukaipandisha kidogo tu, atakuapia kwamba ya pili ina bezi nzuri zaidi na gita liko wazi zaidi. Sisi tulitumia programu ya simu ya kupima desibeli, tukalinganisha, halafu kijana wa Papa akasimama nyuma akawa anazungusha kitufe cha kuchagua, sisi tumegeukia ukuta kama watoto waliokosea darasani.

Tukaanza na 45 moja ya Les Wanyika. Hapo siri haipo bwana, sindano ikigusa tu unasikia kra kra kra, kila mtu anajua hiyo ni sahani, lakini acha kelele za vumbi, sikiliza gita la rizimu la Omari Shabani. Kwenye sahani unasikia pleki inavyogonga waya, kila mkwaruzo uko peke yake, na bezi la Tom Malanga linatembea chini yake bila kugombana nalo. Kwenye simu, wimbo huo huo, ule mlio wa pleki haupo, simbali zimefifia, na kuna mtu mahali fulani aliamua kuondoa ile kra kra kwa programu ya kusafisha kelele na akaondoa na nusu ya muziki. Halafu kingine, ilikuwa chini kidogo ya sahani kwa noti, yaani aliyeihamisha toka sahani kwenda dijitali mashine yake ilikuwa inazunguka polepole. Papa akacheka, akasema, "Sikia mtoto yangu, hii njo gita. Ile ingine walifunika na blanketi."

Na kuna balaa kubwa zaidi. 45 nyingi za huku wimbo umegawanywa, upande wa kwanza maneno, ukigeuza ndipo unakuta sebene lenyewe, gita zinachemka mpaka mwisho. Sasa nyimbo kadhaa tulizozitafuta kwenye simu zinaishia pale upande wa kwanza unapoishia, zinafifia hivyo hivyo, kwaheri. Aliyezipandisha hakugeuza sahani! Kwenye flashi ya laibrari ndiyo usiseme, kuna moja ilitoka kwenye kaseti iliyonakiliwa toka kaseti nyingine, katikati unasikia mtangazaji wa redio anataja saa.

Hapo mashabiki wa santuri wote walipiga makofi. Ila mimi nilikuwa na jaribio la pili, na hilo ndilo limebadilisha mawazo yangu.

Tulichukua waya toka kwenye amplifaya tukachomeka kwenye laptopu, tukarekodi sahani ile ile, kra kra na kila kitu, kwa kiwango cha CD cha kawaida tu, yaani biti 16 na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kile kile Philips na Sony walikubaliana wakatoa CD mwaka 1982. Halafu tukaanzisha sahani na faili kwa pamoja, kijana akawa anabadilisha huku na huku bila kutuambia. Banange, hakuna aliyejua. Papa alikataa, akataka turudie na wimbo wa Kinshasa anaoujua nje ndani, tukarudia, akawa anabahatisha kama sisi wote. Ile "joto" yote, lile gita, lile bezi, vilikuwa ndani ya faili la dijitali vimekaa bila shida yoyote.

Kwa hiyo mnaelewa ninachosema? Dijitali inaweza kubeba sauti ya santuri yote. Santuri haiwezi kubeba yote ya dijitali. Tofauti tuliyoisikia mwanzo haikutokana na teknolojia, ilitokana na nakala gani ilitumika na nani aliihamisha na aliihamisha na nini.

Wale wa kusema dijitali ni ngazi ngazi, eti inakatakata sauti na katikati ya vipande kuna matundu, hebu tuyaache hayo. Mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alishaonyesha kwenye karatasi yake ya mwaka 1949 kwamba ukichukua sampuli zaidi ya mara mbili ya masafa ya juu unayoyataka, unalirudisha wimbi lote, laini, bila ngazi. Binadamu mwenye masikio mazima anasikia mpaka hetsi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na huyo ni kijana, sisi ambao tumeshakaa kwenye matatu za Kampala redio iko juu na honi nje, hata hizo hatufiki. Sampuli 44,100 zinatosha na chenji inabaki. Nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kwenye CD ni kama desibeli 96, santuri nzuri sana labda 60 na kitu mpaka 70, chini ya hapo ni kelele ya plastiki yenyewe inayosuguliwa.

Santuri ina vikwazo vyake vya kimwili ambavyo huwezi kuvibembeleza. Bezi kubwa linachora mfereji mpana, sindano inaweza kuruka, kwa hiyo wanaokata sahani wanalipunguza bezi na kulileta katikati, na sauti za juu wanaziongeza ili zishinde kelele, halafu mashine yako inatakiwa iyageuze yote hayo wakati wa kupiga. Huo mpangilio unaitwa RIAA, ulianza 1954 ukaja kutumika dunia nzima. Ndiyo maana mtu anachomeka mashine ya santuri moja kwa moja kwenye aux ya redio anasema "mbona haina bezi", ni kwa sababu hicho kidude cha kugeuza hakipo. LP60X inacho ndani, nyuma kuna swichi ya phono na line, kwenye aux weka line. Kama amplifaya yako ni ya kizamani yenye tundu lake la phono, weka phono, ukiweka line hapo utapata bezi mara mbili na madirisha ya jirani yatakujulisha.

Kikwazo kingine, LP, ile sahani kubwa ya albamu, inazunguka mizunguko 33 na theluthi kwa dakika kuanzia nje mpaka ndani, lakini duara la ndani ni dogo. Nje sindano inapita kama sentimita 50 kwa sekunde, karibu na lebo imebaki kama 20, muziki ule ule umebanwa kwenye njia fupi, kwa hiyo wimbo wa mwisho wa kila upande ndio unaokwaruza kwenye herufi S. Kwa LP60X hili linasikika hasa, kwa sababu sindano yake ni ile ya ncha ya duara, ATN3600L, ni imara na bei rahisi lakini kwenye mifereji ya ndani inahangaika. Kwenye 45 shida ni ndogo maana zinakimbia haraka zaidi, mizunguko 45 kwa dakika. Zikiwa safi, 45 za Papa zilizishinda LP zake nyingi.

Kisa cha Mobile Fidelity mnakijua? Hao ni Wamarekani wanaotoa santuri za bei ghali kabisa, watu walikuwa wanaapa kwamba wanasikia usafi wa analogi mtupu, dijitali haijagusa. Mwaka 2022 ikatoka wazi kwamba tangu 2011 walikuwa wanapitisha sauti kwenye dijitali kabla ya kukata sahani. Miaka yote hiyo wenye masikio ya dhahabu hawakujua. Wateja wakaenda mahakamani. Mimi nilicheka sana, sio kwa ubaya, lakini wenyewe walikuwa wameshatoa ushahidi kwa masikio yao kwamba dijitali iliyofanywa vizuri haisikiki.

Ndio maana nasema kwa muziki mpya usijisumbue. Albamu za leo zinarekodiwa kwenye kompyuta, zinachanganywa kwenye kompyuta, halafu unalipa hela nyingi upewe plastiki iliyochorwa toka kwenye faili lile lile. Kitu kimoja tu cha kuwatetea: wakati mwingine toleo la santuri halijabanwa sana. Toka miaka ya tisini watayarishaji wameshindana kufanya CD zipige kelele kubwa, wanabana sauti ndogo na kubwa zilingane, drams zinakosa mshtuko, na santuri haivumilii sana ujinga huo kwa hiyo anayekata sahani mara nyingine anapewa nakala tulivu zaidi. Ukikutana na hiyo, santuri itashinda kweli. Lakini hapo tena ni nakala.

Haya, kuishi nayo hapa mjini. Mashine yenyewe ni nyepesi, plastiki nyingi, ukitembea kwenye sakafu ya mbao sindano inasikia, iweke mezani imara mbali na spika. Uzito wa mkono umefungwa kiwandani huwezi kuurekebisha, sindano inakaa na kama gramu 3, kwa mtu anayeanza hii ni heri, hakuna kuharibu, ila anayetaka kuja kubadilisha kichwa kizima kinachobeba sindano kuweka cha maana hatoweza, atabadilisha sindano tu. Injini yake ni ya DC na inatumia adapta, hii kwa Uganda ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Zile mashine kubwa za zamani zinazoshuka kwenye kontena toka Marekani, ukiona fundi anakuuzia na transfoma ya kushusha 240 kuwa 110, muulize injini inafuata nini. Nyingi zinafuata mapigo ya umeme, Marekani ni hetsi 60, huku kwetu 50, na transfoma haibadilishi mapigo. 33 inakuwa kama 28, wimbo mzima unashuka karibu nusu-toni tatu, yaani vitufe vitatu vya kinanda, mwimbaji wa kike anageuka mwanaume. Fundi atakwambia "mkanda umelegea ssebo, nitakufungia mwingine", atafunga, utalipa, na bado itaburuza.

Kitu ambacho nakataza kabisa ni zile za kisanduku, zenye spika ndani na mpini wa kubebea kama sutikesi, ziko mitandaoni zinauzwa kwa rangi nzuri nzuri. Vichwa vya nyingi ya zile ni vya seramiki, vinabonyeza sahani kwa gramu 5 na zaidi, na spika inatetemesha mkono huo huo unaosoma sahani. Rafiki yangu aliletewa moja na shangazi yake, kwenye sehemu za bezi ilikuwa inaruka mstari, tukaweka sarafu juu ya mkono ikaacha kuruka, ila ukiangalia sahani baadaye mifereji imeanza kuwa ya kijivu. Hiyo rangi ya kijivu ndiyo muziki uliochubuliwa.

Vumbi la Kampala mnalijua, kiangazi dirisha likiwa wazi saa moja tu sahani imekuwa nyekundu. Osha kwa maji yaliyotoneshwa, nenda petroli stesheni ulizia maji ya betri, lakini soma chupa hakikisha ni maji na sio asidi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mfereji kwa mzunguko, lebo isilowe. Usikaushe juani, wala usiziache kwenye gari pale parking ya nje, jua la saa saba litazikunja na hazinyooki tena.

Umeme ukikatika santuri imekwisha, simu inaendelea, hapo sina cha kutetea. Upande wa simu napo kuna vitu vya kurekebisha kabla hujalalamika kwamba dijitali ni mbaya. Spotify ikiachwa kwenye otomatiki mtandao ukilegea inashuka mpaka kilobiti 24, hiyo ni sauti ya simu ya mezani, nenda kwenye mipangilio weka 320, na pakua nyimbo usiku ukiwa kwenye waifai. 320 ni kama megabaiti 144 kwa saa, na ukikumbuka data yetu ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, hesabu mwenyewe. Tulipolinganisha 320 na CD yenyewe kwa waya hakuna aliyeweza kutofautisha kwa uhakika. Nyimbo za kutumiwa wasapu msiziite dijitali jamani. Na zile za laibrari zenye jina la 320 mara nyingi ni 128 iliyobadilishwa jina, kuongeza ukubwa wa faili hakurudishi kilichokwisha kutupwa.

Kuhusu kununua sahani zenyewe, Kampala ni bahati nasibu. Soko la Owino zinatokea mara moja moja chini ya vitu vingine, nyingi ni za Wazungu, kwaya na Krismasi. Kwa mafundi wa redio Katwe unaweza kukuta 45 wanazotumia kujaribia mashine, zimekwisha. Anayetaka kwa uhakika apande basi la usiku aende Nairobi, Kenyatta Market, pale kuna wauzaji wanaojua wanachouza na wanakuruhusu kusikiliza kwanza. Ukishika sahani iinamishe kwenye mwanga wa jua pembeni, weusi unaong'aa ni mzima, kijivu kilichofifia imekwaruzwa na sindano mbovu hata kama huoni mkwaruzo. Mkwaruzo pitisha ukucha, ukikwama utausikia kwenye wimbo, usipokwama mara nyingi haunisumbui. 45 yenye tundu kubwa hakikisha kile kidude cha katikati unacho, mashine huja nacho lakini hupotea.

LP60X nampa saba kwa kumi, angepata nane kama mkono ungekubali kubadilishwa kichwa. Simu kwenye 320 na waya mzuri nampa nane kwa muziki wowote uliotoka baada ya CD, na tatu tu kwa rumba na benga za zamani, mpaka siku wenye kanda za asili watakapozitoa kabatini na kuzihamisha kwa adabu. Kwa sasa mimi na kijana wa Papa tumeanza kurekodi masanduku yote kwenye laptopu, pande zote mbili, kwa kasi sahihi, bila kusafisha kelele. Tumekwama kwenye za Mangelepa maana tatu kati ya hizo upande wa pili umeharibika kabisa, kwa hiyo mwenye 45 zao safi, awe Jinja, Busia au Arua, haimlazimu kuuza, atuazime tu jioni moja, nauli ya boda ni juu yetu.